Isale la Baba Mdogo

Kwetu Uchaggani isale halikataliwi. Ukimkosea mtu kosa la kweli, la kumvunjia heshima au kumtoa damu, unamtafuta mzee anayesikilizwa, mnachukua jani la isale na mbege, pombe yetu ya ndizi, mnakwenda nyumbani kwake. Aliyekosewa akishaletewa isale anaweza kulia, anaweza kutoa yote yaliyomjaa moyoni mpaka giza liingie, lakini mwisho wa yote husamehe. Akikataa, kosa linamhamia yeye. Nimewaona watu wazima waliopishana njiani miaka na miaka bila salamu wakikalishwa benchi moja, wakinywa kwenye kata moja, kwa sababu ya jani hilo tu.

Mmea wenyewe ukiuona huwezi kuushangaa. Shina jembamba, majani marefu ya kijani. Ukikata kipande ukakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kinashika. Kwa kuwa hushika upesi na hakifi ovyo, wazee walikifanya mpaka. Kihamba, yaani shamba la ukoo, cha huyu na cha yule vinatenganishwa na mstari wa masale, na makaburi ya wazee wetu nyuma ya nyumba nayo yamepandwa masale. Mmea mmoja unasema mambo matatu: hapa ni pangu, hapa wamelala watu wangu, nisamehe.

Nimekaa na habari hii miaka mingi. Naiandika sasa kwa sababu kila Desemba, magari yanapopanda Moshi kwenda Krismasi, nasikia watu wakigombana kuhusu mila kana kwamba ni jambo la kuchagua upande. Wengine wanasema mila zituache, zimetudumaza. Wengine wanajibu kwa methali ileile, mwacha mila ni mtumwa. Mimi nimelelewa na mila na nimeumizwa na mila, ndani ya mwaka mmoja na ndani ya nyumba moja.

Baba alifariki Agosti 1994. Nilikuwa na miaka 14, mkubwa katika mabinti watatu. Hatukuwa na kaka.

Siku ya kwanza ya msiba nakumbuka wanawake wakiingia kwa mstari, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, hawapigi hodi, wanapitiliza jikoni. Masufuria yalitoka nyumba za watu, kuni zilitoka kwa watu, vijana wa jirani wakachimba kaburi bila kuulizwa. Mpaka tunamzika Baba, Mama alikuwa hajatoa hata senti tano. Shangazi alitandika majani makavu ya migomba sakafuni akalala pembeni ya Mama usiku wote wa matanga, na kila Mama aliposhtuka, shangazi alikuwa macho.

Lakini kitu kilichoniingia zaidi ni ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe wawili, na ng'ombe wa kwetu hatoki kwenda malishoni, anakula ndani. Asipokatiwa majani, anashinda njaa. Siku zile zote hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeshika mundu. Hata hivyo kila asubuhi nilikuta majani mabichi yamejaa horini na maji yamewekwa. Mpaka leo sijajua ni nani aliyekuwa akiyaleta, na hakuna aliyejitokeza kushukuriwa. Mtu akiniambia mila za kwetu ni mzigo mtupu, nawakumbuka wale ng'ombe wawili ambao hawakulala njaa hata siku moja.

Kisha kikaja kikao cha ukoo.

Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya mringaringa, wanawake tukawa jikoni. Mama hakuitwa kuzungumza. Aliitwa kikao kilipokwisha, akasimama mbele yao na kanga yake ya msiba, akasomewa. Kihamba ni cha ukoo. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Baba mdogo atakuwa msimamizi wa mirathi. Mama atakaa na kula humo mpaka Mungu atakapomchukua. Watoto, wakasema, wataolewa.

Neno hilo moja, wataolewa, ndilo lililobeba hatima yetu sote watatu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Alikuwa amekaa mlangoni anachezea ganda la ndizi, na tayari alikuwa mgeni kwenye ardhi aliyozaliwa.

Nisingependa msomaji awaone wazee wale kama watu wabaya. Kihamba si shamba kama shamba jingine. Juu kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanapita katikati kwa zamu ambazo kila nyumba inazijua. Wazee walichimba mifongo hiyo kwa mikono kutoka juu mlimani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki cha vihamba, huko Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ardhi ya namna hiyo, iliyolisha vizazi bila kuchoka, lazima iwe na sheria ngumu ya kuilinda. Sheria yetu ilikuwa kwamba kihamba hakiuzwi. Kijana aliyeharibikiwa mjini hurudi akapata pa kulala. Yatima hakosi pa kuzikwa. Mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi ili awatunze mpaka mwisho. Na binti hapewi, kwa hofu kwamba mume wake ataingiza ukoo mwingine kati ya makaburi.

Naielewa hofu hiyo. Ninachokataa ni hesabu yake. Rutuba ya kihamba chetu ilitoka mgongoni mwa Mama. Majani ya ng'ombe aliyafuata tambarare, akapanda nayo mlima kichwani, saa mbili na zaidi kwa miguu. Samadi ya ng'ombe haohao aliibeba kwa kikapu akaiweka kwenye shina moja baada ya jingine. Kahawa ilikuwa zao la wanaume, kadi ya chama cha msingi ilikuwa na jina la Baba, lakini aliyepalilia na kuchuma alikuwa Mama. Cha kwake kilikuwa ndizi za kupeleka sokoni. Ilipokuja saa ya kugawa, jasho la miaka 16 halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi moja, Mama alikwenda kukata mkungu wa mshare upande wa chini, akarudi mikono mitupu. Akaniita. Tulisimama mpakani akaniambia nihesabu mashina ya migomba. Nikahesabu. Akasema, hesabu tena. Mashina saba yaliyokuwa kwetu yalikuwa ng'ambo ya masale.

Migomba haitembei. Yaliyotembea ni masale. Tulipoinama tuliona udongo umetifuliwa kila shina, na majani ya chini yamelegea kidogo, kama mtu aliyelala vibaya. Ndiyo hatari ya isale: linashika haraka. Wiki mbili tatu za mvua na lingesimama wima kana kwamba babu ndiye aliyelipanda pale. Ule ustahimilivu wake uliolifanya lifae kuwa mpaka ndio ulioufanya wizi usionekane.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaeleza. Habari zikamfikia baba mdogo, na Jumapili baada ya ibada akaja nyumbani kwetu na wazee wawili, debe la mbege, na isale.

Nilikuwa nagawa vikombe. Mzee wa kwanza alizungumza kwa upole, akasema kumetokea kutoelewana, watoto wa nyumba moja hawapelekani serikalini, baba mdogo anaomba radhi kwa usumbufu. Hakutaja migomba. Hakutaja mpaka. Akalinyoosha jani kwa mikono miwili kumwelekea Mama, na chumba kizima kikautazama mkono wake.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kichwani. Akipokea, amesamehe, na aliyesamehe hana tena la kwenda kulisema kwa balozi wala barazani. Mashina saba yamekwenda, na mwakani yatakwenda mengine. Asipopokea, yeye ndiye mjane aliyekataa isale. Nani atakuja msibani kwake? Nani atawakatia ng'ombe wake majani siku akiugua? Mikono iliyotubeba Agosti ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imemshika sasa. Mama hakuwa akiogopa kupigwa. Alikuwa akiogopa kuachwa.

Hapo bibi akatoka jikoni.

Bibi alikuwa mama yao, aliyewazaa Baba na baba mdogo. Alikuwa ameinama kwa uzee, anatembelea fimbo, na siku zile alizungumza kwa nadra sana. Akasimama kati ya mlango na meza, akamwangalia mwanawe.

"Isale hili umelikata wapi?"

Baba mdogo hakujibu.

"Nakuuliza wewe. Umelikata mpakani? Kwenye yale uliyoyahamisha, au kwenye yaliyobaki?"

Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikasikia mfongo ukipita nje. Kisha bibi akasema kwa Kichagga maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: masale yakirudi mahali pake, ndipo mlete jani hili, tangu lini mtu anaomba msamaha huku ameshika alichoiba? Mzee wa pili, ambaye alikuwa hajasema neno, akaweka kikombe chini akasema mama amesema kweli, zamani aliyechukua alirudisha kwanza. Wakatoka na jembe. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Baba mdogo aling'oa masale moja moja na kuyarudisha kwenye mstari wa zamani, wazee wamesimama, na mimi nilihesabu migomba kwa sauti. Walipomaliza ndipo Mama alipolipokea jani. Mbege ikanywewa, naye akanywa.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii na kuishia hapo, kwa fahari. Bibi hakujua kusoma, hakuwahi kukaa kwenye semina yoyote ya haki, na alimshinda mwanawe kwa mila yenyewe. Ni kweli. Lakini nimekuwa mtu mzima, na ukweli una upande wa pili ambao siwezi kuufunika. Bibi huyohuyo alikuwepo siku ya kikao cha ukoo. Alisikia tukiitwa watoto watakaoolewa, na hakutoka jikoni. Aliutetea mpaka kwa sababu mila iliujua mpaka. Hakututetea sisi kwa sababu mila haikuwa na nafasi ya binti kwenye kihamba, na yeye hakuwa na maneno ya kuitengeneza. Mila inaweza kukupa silaha kali sana ya kulinda ulichopewa. Usichopewa, haikusaidii kukidai.

Nilipokuja Dar es Salaam kusoma ndipo nilipokutana na jina la Holaria Pastory. Alikuwa mwanamke wa Kagera, Mhaya, aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ulipomfika akiwa hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke inakwenda kinyume na Katiba. Nilisoma tarehe ile mara mbili. Ilikuwa miaka minne kabla ya Mama kusimamishwa chini ya mringaringa na kusomewa. Jaji alikuwa ameshasema, na hakuna aliyekuwa amepandisha habari hiyo mpaka kwenye migomba yetu.

Nikasoma zaidi, na nikakuta kwamba lile tulilolizoea kuita mila ya babu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za serikali. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 liliweka kanuni za urithi wa kimila: mabinti wako daraja la tatu, la mwisho, na mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo yana sauti nzuri. Mtu anaweza kuyasoma na kuona heshima kwa mama. Mjane mwenye mabinti wadogo watatu ayasome, ataona kwamba hana kitu.

Mambo mengine yalisogea. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga kanuni za 1963, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua na bado haikuzifuta. Wakafika mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Wajane wawili, kutoka kikao cha ukoo mpaka huko, kutafuta haki ambayo ingeweza kutolewa na shemeji zao kwa alasiri moja.

Najua jibu linalokuja: mila haibadilishwi ovyo. Ndiyo, isibadilishwe ovyo. Lakini inabadilika, na sisi wenyewe tumeibadilisha. Hiyo kahawa tunayoiita zao la wazee ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mababu wa mababu zetu hawakuijua. Kufika mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao, mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na ndani ya kizazi kimoja kahawa ikawa mila, ikawa ya wanaume, na mwanamke akiambiwa asiiguse fedha yake anaambiwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Bibi alikeketwa, na shangazi zangu wawili wakakeketwa. Mimi na wadogo zangu hatukuguswa, miaka kadhaa kabla ya sheria ya 1998 kuharamisha ukeketaji wa watoto wa kike. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu akina mama wa nyumba yetu waliacha. Ukoo haukufa. Watoto waliendelea kuzaliwa, na wazazi waliendelea kulishwa mtori na kupumzishwa miezi mitatu kama zamani, mila ambayo mimi mwenyewe niliililia nilipojifungua mjini, nikiwa peke yangu chumbani, siku ya nane nafua.

Baba mdogo alifariki mwaka 2011. Mwishoni mwa maisha yake aliugua muda mrefu, na Mama ndiye aliyekuwa akimpelekea mtori asubuhi. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akanijibu kwamba alilipokea isale. Sikuwa na la kuongeza, na sijui kama ningekuwa mimi ningeweza.

Desemba iliyopita binamu yangu, mtoto wa mwisho wa baba mdogo, aliitisha kikao cha ukoo. Alisema haoni sababu ya Mama kuishi kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe huku karatasi zikisema ni mgeni, na kwamba hataki watoto wake warithi kosa. Palikuwa na maneno. Mzee mmoja alisimama akatuuliza, tukishapewa tutauza? Nilimjibu kwamba kwenye kihamba kile amelala Baba na amelala bibi, na kama ukoo unaona vyema, iandikwe kwamba hakuna atakayeuza, awe wa kiume au wa kike. Akanitazama muda. Akakaa.

Wanawake tulikuwa kwenye mabenchi safari hii. Binamu akanipa daftari, akasema mwandiko wangu unasomeka, niandike muhtasari wa kupeleka mahakama ya mwanzo. Nikaandika tarehe, waliohudhuria, mipaka: kaskazini mfongo, kusini masale. Kisha warithi. Mzee yule alipopewa kalamu ya kuweka sahihi alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye jina la kwanza.

"Mbona umeanza na wewe?"

"Ndiye mkubwa, babu," binamu akamjibu.

Akarudia kulisoma jina langu lote, la kwangu, la Baba, la ukoo, polepole. Akaweka sahihi. Jikoni Mama alikuwa akiita watu waje wale, mtori unapoa.